Pipa la thina lisilo na karatasi: kuhusu joto la kujiwasha

Swali

Assalamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni fundi wa mashua hapa Matondoni, Lamu, na ubavuni mwa karakana nina stoo ambamo ninawauzia mafundi wenzangu rangi, vanishi, tapentaini na resini ya faibaglasi. Mwezi uliopita nilinunua Mombasa pipa la thina kwa bei nafuu, nalo halikuja na karatasi yoyote ya maelezo. Mpwa wangu, aliyesoma kemia kidogo, anashauri tuitie thina hiyo kikaangoni juu ya jiko la gesi, tuichomeke kipimajoto, tutazame inashika moto kwa nyuzi ngapi, kisha ndipo tuamue pa kuiweka. Je, njia hiyo ni sahihi? Na mbona karatasi mbili za tapentaini nilizo nazo hazikubaliani, moja ikisema hujiwasha kwa nyuzi 253 na nyingine 220? Tena, usiku huwa tunapaka vanishi ndani ya chombo kwa mwangaza wa taa ya halojeni. Kuna hatari?

Jibu

Wa alaykumu s-salaam, Fundi. Nianze na lile lisilosubiri: mwambie mpwa wako asiweke kikaango hicho motoni. Wazo lake lina msingi, kwa maana ameelewa kwamba kila kimiminika kinachowaka kina viwango vyake vya joto, na ametaka kuvijua kabla ya kuamua mahali pa kukihifadhi. Lakini jaribio alilolipanga litamchoma, na hata lisipomchoma halitampa namba anayoitafuta. Thina nyingi hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata zikiwa baridi kuliko hewa ya Lamu ya alfajiri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hufurika ukingoni mwa kikaango, hushuka hadi kwenye ndimi za jiko, na hapo huwaka kwa sababu umekutana na moto, si kwa sababu umefikia joto lolote maalumu. Moto ukishashika hurudi kikaangoni kwa kasi ambayo mkono hauwahi kuikwepa.

Hapa tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Joto la mmweko ni kiwango cha chini kabisa ambacho kimiminika kinatoa mvuke wa kutosha kumweka pale unapouletea cheche au mwali. Joto la kujiwasha ni kiwango cha chini kabisa ambacho mvuke ukiwa umechanganyika na hewa huwaka wenyewe, bila cheche, bila mwali, bila kitu kingine chochote isipokuwa joto. Namba hizi mbili haziendi pamoja. Asetoni humweka kwa takriban nyuzi 20 chini ya sifuri, ilhali haijiwashi mpaka ifike kama nyuzi 465. Mafuta ya taa hayamweki mpaka yapite nyuzi 38 hivi, lakini hujiwasha kwa nyuzi 210 hadi 220 tu. Kwa hiyo mtu akikuuliza ni kipi hatari zaidi kati ya hivyo viwili, mwulize kwanza: karibu na kiberiti, au karibu na bomba la moto la ekzosi?

Mabaharia wenzako wanaijua tofauti hii ingawa huenda hawaiiti kwa jina hilo. Injini ya petroli ina plagi, kwa kuwa petroli imetengenezwa isijiwashe ovyo na lazima ipewe cheche kwa wakati wake. Injini ya dizeli haina plagi: pistoni huibana hewa mpaka joto lake hupita nyuzi 500, kisha dizeli hunyunyizwa humo na kujiwasha yenyewe. Kila mara injini ya jahazi inapotoa ule mgoto wake, tukio tunalolizungumzia limetokea ndani ya silinda.

Lipo kosa la pili katika jaribio la kikaango, nalo ndilo lililonifanya niandike kwa urefu, kwa sababu hata waliosoma hulikosea. Kipimajoto ukikichomeka ndani ya thina hakitaonyesha joto la kujiwasha kamwe. Asetoni huchemka kwa nyuzi 56. Tapentaini huchemka kati ya nyuzi 150 na 180 hivi. Kimiminika kikishaanza kuchemka katika chombo kilicho wazi, joto lake hupanda kidogo au halipandi kabisa, bali hugeuka mvuke mpaka kiishe. Hakiwezi kufika nyuzi 253 kikiwa bado ni kimiminika. Joto tunalolitafuta ni la mchanganyiko wa mvuke na hewa, wala si la kile kilichomo kikaangoni. Mafuta ya kupikia ndiyo yanayotupotosha katika jambo hili, kwa kuwa yenyewe hayachemki kama maji au thina: karai ya viazi iliyosahauliwa jikoni hutoa moshi kwanza, kisha huendelea kupata joto, na ikifika mahali fulani juu ya nyuzi 300 huwaka yenyewe hata kama mwali wa jiko haujaigusa. Aliyewahi kuona hivyo hudhani kila kimiminika huenda njia hiyo.

Maabara hufanyaje basi? Njia mojawapo inayotumika sana, ile ya kiwango cha Marekani kiitwacho ASTM E659, hutumia flaski ya kioo kigumu, yenye tumbo la duara na ujazo wa mililita 500. Flaski hiyo huvikwa karatasi ya aluminiamu na kutumbukizwa ndani ya tanuri la umeme, shingo yake ikibaki juu. Vihisi vya joto hufungwa chini yake, ubavuni na karibu na shingo, na kingine chembamba huteremshwa hadi katikati ya hewa iliyo ndani, kwa sababu namba itakayoandikwa ni ya hewa hiyo, si ya tanuri. Flaski ikishatulia kwenye joto lililochaguliwa, mpimaji hurusha ndani kwa sindano kiasi kidogo mno cha sampuli, mililita 0.1, ambacho ni sawa na matone machache, huanza kuhesabu wakati, na huzima taa ya chumba. Kioo cha kujitazamia huwekwa juu kwa mshazari ili atazame ndani ya flaski bila kuweka uso wake juu ya mdomo wake. Kisha hungoja hadi dakika 10.

Nimekaa katika chumba kama hicho miaka mingi, na ninataka uelewe kwa nini taa huzimwa. Mara nyingi moto huja kwa mwanga mkali wa manjano au buluu, na joto la ndani ya flaski hurukia juu ghafla; hapo hapana shaka. Lakini kemikali nyingine kabla ya kufika hapo hutoa kwanza mwali baridi, yaani mng'ao hafifu wa buluu unaopita kama pumzi na kupandisha joto kwa nyuzi chache tu, na katika chumba chenye mwanga huwezi kuuona. Mwali huo ni dalili kwamba mvuke umekwisha kuanza kuungana na oksijeni. Ukiongezewa nafasi au shinikizo, waweza kugeuka moto kamili. Mpimaji asiyengoja gizani hataiandika dalili hiyo, na ripoti yake itaonekana salama kuliko kemikali yenyewe ilivyo.

Kama dakika 10 zimepita bila moto, mvuke uliobaki husukumwa nje kwa hewa safi iliyo kavu, tanuri hupandishwa, na jaribio hurudiwa kwa sampuli mpya. Moto ukitokea, tanuri hushushwa. Hivyo hivyo, juu na chini, hadi mpaka wa kuwaka na kutowaka upatikane. Hata hapo kazi haijaisha, kwa maana kiasi cha sampuli nacho hubadilishwa: mvuke ukiwa mchache mno haushiki, ukiwa mwingi mno hukosa hewa, na joto la chini kuliko yote hupatikana kwa kiasi fulani kilicho katikati. Siku nzima yaweza kumalizikia kwenye kemikali moja. Namba inayoandikwa mwishoni ni ya chini kuliko zote zilizoleta moto, na pembeni yake huandikwa ucheleweshaji, yaani sekunde zilizopita tangu sindano mpaka mwali, pamoja na shinikizo la hewa la siku hiyo. Kadiri unavyoukaribia mpaka ndivyo ucheleweshaji unavyorefuka. Mvuke hukaa kimya kwa dakika kadhaa kana kwamba hakuna kitu, kisha huwaka. Kwa sababu hiyo, neno la mtu anayesema "nimelimwagia bati la moto thina na halikutokea lolote" halina uzito: huenda aliondoka mapema.

Sasa karatasi zako mbili za tapentaini. Zote mbili zaweza kuwa za kweli. Majedwali ya kimataifa yenyewe huandika tapentaini kuwa kati ya nyuzi 220 na 255, kwanza kwa sababu tapentaini si kitu kimoja bali ni mchanganyiko unaotegemea msonobari ulikotoka, na pili kwa sababu joto la kujiwasha si sifa ya kimiminika peke yake, kama ulivyo uzito wake. Ni sifa ya kimiminika ndani ya chombo fulani, kwa muda fulani, chini ya shinikizo fulani. Njia ya kimataifa inayotumiwa na watengenezaji wa vifaa vya umeme hutumia chupa ya mililita 200 yenye umbo la pia, na humngojea mvuke dakika 5 badala ya 10. Katika chombo kidogo mvuke hupoteza joto jingi kwenye kuta. Katika chombo kikubwa joto linalozalishwa katikati halina njia ya kutoka upesi, kwa hiyo moto huanza kwa joto la chini zaidi. Kutu na baadhi ya metali nazo zaweza kuusogeza mpaka huo. Ndani ya njia moja, maabara mbili makini hutarajiwa zisipishane kwa zaidi ya asilimia 5. Lakini kati ya njia moja na nyingine pengo laweza kuwa kubwa zaidi.

Kuna jambo moja katika habari ya shinikizo linalotuhusu sisi watu wa pwani, nami sijaliona likisemwa vya kutosha. Hewa ikibanwa, joto la kujiwasha hushuka. Hewa ikiwa nyepesi, hupanda. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa yake limepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na la Lamu. Kemikali iliyopimwa huko bila kuzingatia jambo hili yaweza kupewa namba iliyo juu kidogo kuliko ile ambayo ingepatikana kando ya bahari. Tofauti si kubwa, lakini imeelekea upande mbaya. Ndiyo maana mstari wa shinikizo katika ripoti usiupite bila kuusoma.

Kwa hiyo, kati ya 253 na 220, wewe shika 220, na hata hiyo usiifanye ukuta wa kuegemea. Desturi iliyozoeleka katika uhandisi ni kwamba sehemu yoyote yenye joto inayoweza kuguswa na mvuke isizidi asilimia 80 ya joto la kujiwasha. Kwa tapentaini hiyo ni nyuzi 176. Hewa yenyewe ya Lamu haitakufikisha huko, hata katika kaskazi yenye joto kali, hata ndani ya stoo ya mabati iliyofungwa mchana kutwa. Kinachofika huko ni ekzosi ya jenereta, kichwa cha chuma cha kulehemu, diski ya gurinda na baadhi ya taa. Zipo kemikali ambazo hazina subira hiyo. Karboni disalfaidi hujiwasha kwa nyuzi 90 na kitu, kiasi kwamba bomba lililobeba mvuke wa maji linatosha kuiwasha, na etha hujiwasha kati ya nyuzi 160 na 180. Nazitaja ili uone kwamba pipa lisilo na karatasi haliwezi kukisiwa kwa harufu.

Wala usijaribu kuipiga hesabu thina yako kwa kukisia viungo vyake na kuchukua wastani. Thina ni mchanganyiko wa vimumunyisho kadhaa, labda toluini, asetoni na vinginevyo, na kile chepesi kujiwasha mara nyingi huwavuta wenzake chini kuliko wastani ungeonyesha.

Nisingekuwa mkweli kwako, hata hivyo, kama ningekuacha ukidhani kwamba namba hii, hata ikipimwa vizuri namna gani, inatosha kuamua usalama wa karakana yako. Viko vitu viwili katika stoo yako ambavyo vyaweza kuwaka bila namba hiyo kukuonya.

Cha kwanza ni matambara. Mafuta ya kitani yameandikwa kuwa hujiwasha kwa nyuzi 343, na mtu akisoma hivyo hulala usingizi. Lakini mafuta hayo yakipakwa kwenye tambara hukauka kwa kula oksijeni, na ulaji huo hutoa joto. Tambara likitandazwa, upepo hulichukua joto hilo; likikunjwa na kutupwa kwenye lundo, joto hubaki ndani, huongeza kasi ya ulaji, na kasi huongeza joto, mpaka lundo linashika moto usiku kutoka katika joto la kawaida la chumba. Nimeitwa kutazama karakana moja iliyoungua kwa namna hiyo. Wenyewe walimtafuta aliyetupa sigara, na hapakuwa na sigara. Hatari hii hufuata aina ya mafuta. Wanakemia huipima kwa namba ya iodini, ambayo kwa mafuta ya nazi haifiki 12 na kwa ya kitani hupita 170, kwa hiyo pamba ya kalafati, ile ya kuzibia mianya ya mbao, iliyolowa mafuta ya nazi ni tulivu kuliko ile ya kitani. Mafuta ya samaki yako upande wa wenye hatari, na sifa, yaani mafuta ya papa waliyopaka wazee wetu, usiichukulie kama nazi. Lakini pamba chakavu yenye mafuta, na hata mbata (nazi kavu), zote mbili zimo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya shehena zinazojipasha joto. Mbata hasa kwa ajili ya unyevu na ukungu wake. Kipimo cha vitu vya namna hii ni kingine kabisa: sampuli hujazwa katika kijisanduku cha wavu wa chuma chenye upande wa sentimita 10, huwekwa katika tanuri la nyuzi 140 kwa saa 24, na ikiwa ndani yake joto limepanda zaidi ya nyuzi 60 juu ya la tanuri, kitu hicho huhesabiwa kuwa kinajipasha joto.

Cha pili ni hadena, yaani kemikali ya kuigandisha resini, ambayo mara nyingi ni peroksaidi. Hii haingoji hata hewa, kwa sababu oksijeni inayohitaji imo ndani yake. Kwa hiyo usiitafutie joto la kujiwasha. Tafuta kwenye karatasi yake joto ambalo likifikiwa ndani ya kifungashio, kemikali huanza kujivunja kwa kasi inayojichochea, nalo kwa hadena nyingi za faibaglasi ni kama nyuzi 60. Stoo ya mabati yenye jua la adhuhuri haiko mbali na hapo kama tungependa. Iweke kivulini, mahali penye baridi kuliko pote ulipo napo, mbali na tapentaini, na isikutane moja kwa moja na kobalti (kiharakishi cha resini) wala na asetoni.

Kuhusu pipa lenyewe: rudi kwa aliyekuuzia na udai karatasi ya maelezo ya usalama, ambayo kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 anapaswa kuitoa kwa kemikali ya hatari. Karatasi hiyo ina vipengele 16; joto la mmweko na la kujiwasha yamo katika kipengele cha 9, masharti ya kuhifadhi katika cha 7, na vitu isivyopatana navyo katika cha 10. Akishindwa kuitoa, mrudishie pipa lake. Kupima kemikali isiyojulikana kutakugharimu zaidi ya nafuu uliyoipata. Kama umelazimika kupeleka sampuli maabara, uliza kabla ya kulipa: watatumia njia ipi, flaski ya ujazo gani, watangoja dakika ngapi, na shinikizo la hewa litaandikwa? Waambie wapime joto la mmweko kwanza, kwa kuwa kwa thina hilo ndilo litakalokuongoza zaidi kila siku. Wakati huo wote pipa likae nje ya nyumba, kivulini, limefungwa vizuri, mbali na paa la makuti na mbali na moto wowote.

Na taa. Ndiyo, kuna hatari, na kati ya maswali yako yote hili ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Taa ya halojeni haiwezi kufanya kazi yake mpaka kifuko chake kidogo cha kioo kipite nyuzi 250, na kwa kawaida hupita kwa mbali. Tapentaini uliyo nayo imeandikwa 220. Katika hewa ya wazi mvuke hugusa kitu cha moto na kupaa kabla ucheleweshaji wake haujaisha, ndiyo maana huenda mmefanya hivyo mara nyingi bila kudhurika. Ndani ya chombo hali si hiyo: mvuke wa vanishi hushuka na kukaa kwenye ngama, chini kabisa ya chombo, upepo haufiki, na nafasi ni kubwa mara nyingi kuliko flaski ya mililita 500, jambo ambalo, kama nilivyoeleza, huushusha mpaka. Ongeza kwamba taa ikianguka na kuvunjika, waya ulio ndani unakuwa wazi. Toeni taa hiyo leo. Kazi ya vanishi ndani ya chombo ifanyeni mchana, vifuniko vyote vikiwa wazi, na mtu mmoja akiwa juu. Ikiwa lazima iwe usiku, tafuteni taa iliyoidhinishwa kwa mahali penye mvuke unaowaka, yenye alama ya T3 au yenye tarakimu kubwa zaidi, T4 hadi T6. T3 maana yake ni kwamba uso wake hauzidi nyuzi 200, na kwa tapentaini yenu ningependa T4, ambayo haizidi 135.